Betri iko kifuani, vidonge bado nameza: niliyoongea Mwanga, Kigoma, Siku ya Kifafa Duniani

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu habari za asubuhi, na nyie watoto mliokaa kwenye mikeka hapo mbele asanteni kwa kutulia.

Kabla sijaenda mbali niwaambie kitu ili msishtuke. Nitakuwa naongea vizuri tu alafu ghafla mtasikia sauti yangu inakwaruza, inakuwa nzito, kwa muda wa nusu dakika, alafu inarudi yenyewe. Sio mafua na wala sio kilio. Hapa kifuani upande wa kushoto, chini ya mtulinga, nina kifaa cha kupunguza kifafa kimewekwa ndani ya ngozi, na kila baada ya dakika 5 kinatuma umeme mdogo sana kwenye mshipa wa fahamu wa shingoni kwa sekunde 30. Mshipa huo huo ndo unatoa tawi linaloenda kwenye koo la sauti, kwahiyo kikiwaka lazima sauti iguswe. Sumaku yake ni hii hapa mnayoiona mkononi. Nikiiweka juu ya kifaa na kuiacha hapo hapo kinanyamaza mpaka niitoe, na nikiwa kwenye maulid zamu yangu ya kusoma ikifika huwa nafanya hivyo. Leo nimeamua nikiache kifanye kazi yake. Nataka mkisikie.

Mimi nimezaliwa Ujiji, nimesoma hapa hapa, na nilianza kuanguka nikiwa darasa la tano. Kwanza hata hatukujua kama ni kifafa maana nilikuwa sianguki, nilikuwa nakodoa macho tu, natafuna mate, navuta vuta kitambaa cha sare, mwalimu anaita sisikii, alafu narudi najikuta darasa zima linaniangalia. Wakasema mtoto ana kiburi. Baadae ndo ikaja ile ya kuanguka na kukakamaa na kujing'ata ulimi, hapo kila mtu akajua. Mama yangu alihangaika jamani. Hospitali tulienda, kwa mashehe tulienda kunisomea, kwa waganga huko Uvinza tulienda, na simlaumu hata kidogo, mzazi ukiona mtoto anatoka povu unakwenda popote unapoambiwa kuna nafuu. Kilichoniumiza mimi sio waganga. Ni siku niliyoanguka karibu na jiko shuleni, wenzangu wakakimbia wote kwa sababu waliambiwa ukigusa povu la mwenye kifafa na wewe unakipata, na mkono wangu ukabaki kwenye makaa. Kovu hili hapa. Nataka leo watu wote humu ndani watoke wakijua: povu haliambukizi, mkojo hauambukizi, kifafa hakiambukizi kwa njia yoyote ile. Mguseni, mshikeni, mtoeni kwenye moto.

Tuelewane kidogo kinachotokea. Ubongo unafanya kazi kwa umeme, chembe zake zinaongea kwa vijiumeme vidogo vidogo kila sekunde, hata sasa hivi mnavyonisikiliza. Kwa mwenye kifafa kuna wakati kundi la chembe linawaka kwa pamoja bila mpangilio, ikibaki sehemu moja mtu anazubaa au mkono unacheza, ikisambaa ubongo mzima anaanguka. Chanzo kinaweza kuwa mtoto alichelewa kulia alipozaliwa, akakosa hewa. Inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, na mkoa wetu huu mnajua malaria ilivyo. Ajali ya bodaboda bila helmeti. Homa ya uti wa mgongo, kiharusi, minyoo ya tegu inayoingia kichwani. Na kwa wengi tu hakuna sababu inayoonekana, mimi mwenyewe ni mmoja wao, nimepigwa picha za kichwa hazikuonyesha kovu lolote.

Sasa hiki kifaa nilikipataje. Nilibahatika kwenda Uingereza kusoma, baadae nikapata kazi kule nikakaa miaka kadhaa. Wakati huo nilikuwa nimeshatumia dawa ya kifafa ya fenobabitoni, nikahamishiwa nyingine, kabamazepini, nikapewa na nyingine mbili za kule, nameza kwa saa, naandika kwenye daftari, na bado naanguka karibu kila wiki. Madaktari duniani kote wana kanuni waliyokubaliana tangu 2010, kwamba mtu akijaribu dawa mbili zinazofaa aina yake ya kifafa, kwa dozi sahihi, akazimeza ipasavyo na bado anaanguka, basi kifafa chake ni sugu kwa dawa. Hapo ndo unatakiwa upelekwe kwa mabingwa waangalie njia nyingine. Kama theluthi moja ya wenye kifafa wako kwenye kundi hilo. Shikeni hayo maneno, kwa dozi sahihi na akazimeza ipasavyo, nitayarudia baadae kwa sababu ndo yaliyonileta hapa mbele.

Nikalazwa siku kadhaa nimebandikwa nyaya kichwani na kamera inanirekodi mchana na usiku, wanatafuta umeme unaanzia wapi. Kama unaanzia sehemu moja tu na sehemu hiyo haina kazi kubwa, wanaweza kuikata, na kwa wanaofaa hiyo ndo njia inayoweza kumaliza kifafa kabisa. Kwangu ulikuwa unaanzia pande zote mbili. Kukata haikuwezekana. Ndo nikaambiwa habari ya mshipa wa vagasi.

Vagasi ni mshipa wa fahamu mrefu, unatoka chini ya ubongo, unapita shingoni, unakwenda kwenye moyo, mapafu mpaka tumboni. Sehemu kubwa ya nyuzi zake kazi yake ni kupeleka habari juu, kutoka mwilini kwenda kwenye ubongo. Miaka ya 1980 mtafiti wa Marekani anaitwa Jacob Zabara akaona kwamba ukiuchokoza huu mshipa kwa umeme kidogo unaweza kukatiza zile vurugu za kichwani, mwaka 1988 mgonjwa wa kwanza akawekewa kifaa huko North Carolina, na 1997 serikali ya Marekani ikaruhusu kitumike kwa wagonjwa wa kifafa. Kwanini hasa kinasaidia, madaktari bado wanabishana, wanajua njia unayopita ule umeme na wanajua matokeo, katikati hapo bado wanachimba. Mimi nilipoambiwa hivyo niliogopa, nikamuuliza daktari, mnaniwekea kitu ambacho hamjamaliza kukielewa? Akanijibu kwa upole kwamba hata dawa nyingi za kifafa zilianza hivyo, na akanipa namba bila kuzipamba: kati ya wanaowekewa, karibu nusu wanapungukiwa kuanguka kwa nusu au zaidi, inachukua mwaka mmoja mpaka miwili kuona faida yote, na wanaoacha kuanguka kabisa ni wachache. Na dawa utaendelea kumeza. Namshukuru mpaka leo kwa kuniambia ukweli kabla ya kisu.

(Hapa sauti ikakwaruza. Nikanyamaza, ukumbi mzima ukanyamaza na mimi, mtoto mmoja akasema "kimewaka!" na watu wakacheka kwa furaha. Ikaisha nikaendelea.)

Umesikia mwanangu, kimewaka, ndo hivyo hivyo.

Oparesheni yenyewe inachukua saa moja au mbili, unalazwa usingizi kabisa. Wanapasua sehemu mbili ndogo, moja kifuani wanaweka betri yenyewe, ni saizi ya saa ya mkononi iliyotolewa mkanda, nyingine shingoni wanazungusha waya kwenye mshipa, alafu waya unapitishwa chini ya ngozi kuunganisha. Kichwa hakiguswi, watu wengi wakisikia kifaa cha kifafa wanadhani wametobolewa fuvu. Wanaweka kushoto kwa sababu vagasi ya kulia ndo inayoshika zaidi pale moyo unapopatia mapigo yake, hawataki kuuchezea. Mke wa kaka yangu alinisugulia dawa ya kidonda, wiki mbili zikapita ndo nikarudi kukiwasha. Daktari anaweka kidude kama rimoti juu ya kifua, kimeunganishwa na kompyuta, anaandika namba. Anaanza chini kabisa, miliampea 0.25, alafu kila ukirudi anapandisha kidogo. Siku ya kwanza nilikohoa mpaka machozi. Koo linatekenya, pumzi inakuwa fupi ukipanda ngazi, na chakula kikiwa kinywani wakati kinawaka inabidi usubiri kwanza ndo umeze. Mwili ukazoea taratibu. Sasa hivi mara nyingi nakisahau kabisa, mume wangu ndo anayekisikia kuliko mimi, anasema usiku nikiongea usingizini anajua dakika 5 zimefika.

Kimenisaidia? Ndiyo, na naomba nieleze vizuri imesaidia vipi. Ile ya kila wiki ilianza kupungua polepole, mwaka wa kwanza nikawa bado nakata tamaa, mwaka wa pili ndo nikaanza kukaa miezi bila kuanguka kabisa, na nikianguka naamka haraka, zamani nilikuwa nalala siku nzima kichwa kinauma na sikumbuki hata jina la mtaa. Akili imechangamka. Nimeweza kufanya kazi, nimeolewa, nimezaa. Lakini kifafa bado ninacho. Mwezi uliopita nimeanguka hapo nyumbani Katubuka nikifua. Mtu asitoke humu akasema yule dada amepona kwa betri.

Sumaku ndo sehemu ambayo naipenda zaidi kwa sababu inawapa watu wangu kitu cha kufanya. Mwenye kifafa wakati mwingine anasikia dalili inakuja, kwangu mimi ni harufu ya kitu kinaungua na tumbo linapanda juu, basi napitisha sumaku juu ya kifaa sekunde moja naiondoa, kinatoa umeme wa ziada hapo hapo, na mara kadhaa kimekatisha. Sio kila mara. Na kama nimeshaanguka mtu mwingine anaweza kunipitishia. Mume wangu anayo moja, mwanangu wa kwanza anajua, jirani anajua. Pale Kibirizi kuna mama mmoja ninanunua kwake migebuka, nilimwonyesha siku moja tu tukiwa tunapiga stori, na kweli nikaja kuanguka mbele ya meza yake, watu wanataka kunimwagia maji yeye akawafokea, akanilaza ubavu, akachukua sumaku mkononi kwangu akapitisha kifuani, alafu akakaa na mimi kanifunika khanga yake mpaka nikajua nipo wapi. Hajasoma unesi. Alionyeshwa mara moja.

Kukiwa na kifaa hiki kuna mambo lazima uyajue na mimi naishi nayo hapa hapa Kigoma. Spika kubwa za harusi zina sumaku kubwa ndani, siegemei wala sisimami zimenigusa, natakiwa kuwa mbali angalau sentimita 20, mashine ya kunyolea hivyo hivyo haipiti kifuani. Natembea na kadi yenye maelezo ya kifaa, uwanja wa ndege naitoa mapema. Kipimo cha MRI, ile mashine ya sumaku kubwa inayopiga picha za ndani ya mwili, hakikatazwi moja kwa moja ila kina masharti yake na lazima kifaa kizimwe kwanza na mtaalamu. Ile mashine ya kuchoma joto ndani ya misuli wanayotumia kwenye mazoezi ya viungo ni marufuku kabisa kwangu, joto linaweza kupita kwenye waya likaunguza mshipa. Ekisirei haina shida, na ile ya kuangalia mtoto tumboni haina shida, nimepimwa nayo mimba zote. Nimeshamweleza kila nesi anayenihudumia, na huwa nasema mwenyewe kabla sijaulizwa.

Na betri inaisha. Inakaa miaka kadhaa kutegemea imewekwa namba gani, ikiisha unapasuliwa tena kifuani inabadilishwa. Kurekebisha namba nasafiri kurudi kulekule nilikowekewa, na nauli mnaijua wenyewe, kutoka hapa mpaka Dar tu ni safari. Nikiwaza siku itakayoisha na mimi sina uwezo wa kusafiri, silali. Mtu akikusimulia habari ya kifaa hiki akakuambia bei ya kuwekewa tu, amekusimulia nusu.

Sasa nifike kwenye lile lililonileta.

Tangu nimerudi, watu wanakuja nyumbani. Wanakuja kutoka Kasulu, Kibondo, hata ng'ambo ya mto Malagarasi huko, wamesikia kuna dada ana betri ya kifafa. Baba mmoja alikuja na binti yake, ana miaka kumi na kitu, ana makovu ya moto mguuni, na baba akaniambia moja kwa moja, nina shamba la michikichi, nimeshapata mteja, niambie tu niende nchi gani. Nikamkaribisha chai kwanza. Nikamuuliza binti anameza dawa gani. Akatoa kwenye mfuko wa nailoni kikaratasi, fenobabitoni. Anameza tangu lini? Alimeza miezi miwili, akapata nafuu, ikaisha, akaambiwa hakuna arudi wiki ijayo, wiki ijayo ikawa mvua, na kutoka kwao mpaka kituoni ni mbali, basi ikaishia hapo. Akaanguka tena. Wakasema dawa za hospitali zimeshindwa.

Ndugu zangu, dawa hazikumshinda yule mtoto. Alimeza miezi miwili akapata nafuu! Hiyo ni dawa inayofanya kazi. Nilimshika yule mzee mkono nikamwambia baba yangu nakuomba kwa Mungu usiuze shamba. Mchukue tukaonane na daktari, apimwe uzito, apewe dozi inayolingana na uzito wake, ameze kila siku miezi sita bila kuruka, nauli ya kliniki itoke kwenye mawese ya shamba hilo hilo. Amefanya hivyo. Mtoto amerudi shule na shamba lipo.

Shirika la Afya Duniani linasema kuna watu kama milioni 50 wenye kifafa duniani, karibu asilimia 80 wako nchi kama zetu, na kwamba mpaka asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Asilimia 70! Kifaa changu cha makumi ya mamilioni hakifikii hapo hata kidogo, kimetengenezwa kwa ajili ya wale wachache waliobaki baada ya dawa kupewa nafasi ya kweli. Mimi ni wa hao wachache. Wengi humu ndani sio. Na inaniuma, inaniuma sana, kuona mtu anataka kuuza urithi wa watoto kutafuta kitu cha mbali wakati kidonge cha bei ndogo hakipo kwenye kabati la zahanati. Waheshimiwa madiwani mpo hapa, nashukuru mmekuja, naomba niseme mbele yenu. Kuna kituo, sitakitaja, watu wameambiwa hakuna dawa ya kifafa miezi mitatu mfululizo. Mgonjwa wa kifafa akikatishiwa dawa ghafla harudi tu alipokuwa, anaweza kuanguka mfululizo bila kuamka na akafa. Kwahiyo dawa hii ikiisha stoo ichukuliwe kwa uzito ule ule wa damu kuisha wodi ya wazazi. Serikali zetu zote zimekubali mpango wa dunia wa kifafa wa mwaka 2022 mpaka 2031, sisi tuanze na hilo kabati.

Alafu na sisi wenyewe. Kliniki ya kifafa kwa kawaida iko pamoja na kliniki ya afya ya akili, najua, na najua watu wanaona aibu kukaa kwenye lile benchi, wanasema nitaonekana kichaa. Mimi nakaa pale. Nikimaliza leo mkinikuta pale hospitali ya Maweni siku ya kliniki njooni mkae pembeni yangu.

Kina mama na mabinti nisikilizeni vizuri hapa. Ukiwa unameza fenobabitoni, kabamazepini au fenitoini, vidonge vya majira na hata kijiti vinaweza kupungua nguvu, ukashika mimba huku unaamini umezuia, kwahiyo mwambie nesi wa uzazi wa mpango unameza nini. Na ile dawa nyingine ya kifafa, valproeti, inaweza kudhuru mtoto tumboni, mwanamke anayetarajia kuzaa aongee na daktari kabla, kabla jamani, sio miezi minne ndani. Lakini usiiache mwenyewe kwa kuogopa. Mimi nilipangiwa dawa zangu mapema, nikaongezewa foliki asidi, na watoto wangu mnawaona wanakimbia hapo nje.

Mfungo unakaribia na najua swali lipo. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, hilo liko wazi kwenye dini, na hakuna ushujaa wa kuruka dawa. Wanaomeza mara moja usiku au mara mbili wengine daktari anaweza kuwapangia futari na daku, ila uende ukapangiwe. Kinachotuangusha zaidi Ramadhani kwa uzoefu wangu sio njaa, ni usingizi. Ukikesha kutoka tarawehe mpaka daku kwenye vibaraza, asubuhi uko chini. Lala. Na vijana wa mikesha ya injili na nyie vivyo hivyo.

Ziwa letu hili linalisha watu na linaua wenye kifafa. Kijana unayeanguka usiende dagaa usiku kama bado hujakaa sawa na dawa, na ukienda siku moja baada ya daktari kukubali, usiende peke yako, wenzako mtumbwini wajue, na boya livaliwe. Kuoga ziwani, na mtu. Mchikichi usipande juu yake, chini kuna kazi nyingi, kuna kukata na kupukuchua, pipa la kuchemshia chikichi mwachie mwenzako. Mafiga yazungushiwe, upike ukiwa umekaa, na kama kuna uwezo jiko liinuliwe kwa udongo. Bodaboda, hapana. Uingereza sheria inataka mtu akae miezi 12 bila kuanguka ndo aruhusiwe kuendesha gari tena, wao wenye hospitali kila kona, kwahiyo msinione nawanyima riziki nikiwaambia weka funguo chini kwanza. Tuwatafutie hawa vijana kazi za nchi kavu, na hapa nawaomba wafanyabiashara wa Mwanga, mtu mwenye kifafa anapima mafuta, anauza duka, anashona, anafundisha. Mimi nafundisha, wanafunzi wangu wakisikia sauti imekwaruza wanasubiri, tunaendelea.

Walimu mliopo, mtoto anayekodoa macho na kutafuna mate na hasikii ukimwita, kabla hujachukua fimbo andika kwenye daftari saa ngapi na imechukua muda gani, mwite mzazi. Hilo daftari daktari atalithamini kuliko mashine.

(Sauti tena. Nilisubiri tu nimesimama.)

Nimalizie na hili la kumhudumia aliyeanguka, na hatutalisema kwa mdomo tu, tutalifanya sasa hivi. Usimtie kijiko mdomoni, wala kidole, wala kitambaa, ulimi haumezwi hata siku moja na meno yatavunjika. Usimshike kwa nguvu kumzuia asitikisike. Usimnusishe soksi wala usimwagie maji. Ondoa vitu vya kuumiza, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo shingoni, angalia saa. Akiacha kutikisika mlaze ubavu ili mate yatoke, kaa naye mpaka akutambue, usimpe chakula wala maji kabla hajaamka vizuri. Zikipita dakika 5 bado anatikisika, au ameanguka mara ya pili hajaamka ya kwanza, au ni mjamzito, au imetokea majini, hapo ni hospitali bila kusubiri. Kama ni mimi au mtu mwenye kifaa kama changu, sumaku iko mkononi upande wa kulia, unaipitisha kifuani kushoto na kuiondoa.

Nawaomba vijana wawili waje hapa kwenye mkeka, mmoja alale mmoja amgeuze, alafu tutabadilishana mpaka kila aliye kwenye safu ya mbele awe amemgeuza mwenzake. Nesi wa kliniki yuko pale mlangoni na daftari, ambaye dawa zimemwishia aandikishe kwake jina lake na zahanati yake sasa hivi, majina hayo waheshimiwa wataondoka nayo leo. Haya, wewe mwenye shati la bluu, njoo ulale hapa.